Watu Arobaini na Mmoja

Mtu akiniambia leo ni Jumanne, mimi huangalia kalenda kwanza. Sikuzaliwa hivyo. Ni Kitengela iliyonifanya hivi, mwaka wa 1995, niliponunua ploti nyuma ya soko na kukuta, siku ya kuchimba msingi, wanaume wengine wawili wamefika na mafundi wao, kila mmoja na karatasi yake yenye mhuri, na ploti ni ileile moja. Tangu siku hiyo naamini kile nilichokishika kwa mikono miwili, na hata hicho nakigeuzageuza. Nasema haya mapema ili ujue ni nani anayekusimulia, maana habari yenyewe ni ya Kimeu, ambaye hakuwa hivyo hata chembe, hadi nilipomfundisha mimi.

Kimeu alitoka upande wa Wamunyu, Ukambani, ambako wajomba zake walichonga twiga na vifaru vya mti kwa ajili ya watalii. Yeye alikuja Kitengela mwaka wa 1984 kuchonga kitu kigumu zaidi, mawe ya kujengea, kule kwenye machimbo. Vumbi likamkaa kifuani. Siku moja mwenye machimbo alitaka kibao kiandikwe HATARI, BARUTI, mwandishi hakupatikana, Kimeu akashika brashi, na hakurudi tena kwenye mawe. Kufikia mwaka wa 1990 nusu ya vibao vya mji vilikuwa kazi ya mkono wake. Changu pia, MUTURI HARDWARE, na pembeni nyundo iliyochorwa vizuri hadi wateja wawili wakaniuliza kama ninayo ya aina hiyohiyo.

Tulikuwa marafiki wa kugombana. Alikuja dukani kuchukua rangi na tapentaini, akanywa chai yangu, akasikiliza nikiwasema majirani, na kila nilipomaliza alisema, "Labda, Baba Cate." Nilimwonyesha jinsi muuza maziwa anavyotia maji. Labda, Baba Cate. Nilimwambia mhasibu wa kanisa amenunua pikipiki ghafla mno. Labda. Jibu hilo linaniudhi hata leo ninapolikumbuka.

Mwaka wa 1991 aliitwa kuandika namba kwenye milango ya lori la kuchimba visima. Mwenye lori alikuwa Bwana Hollis, Mwingereza mrefu, mjane, aliyechimbia watu maji kuanzia Kajiado hadi kule Oltepesi kwenye barabara ya Magadi. Alikaa kwenye nyumba ya mawe ng'ambo ya mto, na baadhi ya Desemba binti yake mdogo aliletwa kutoka Uingereza alikosoma. Bwana Hollis alisimama nyuma ya Kimeu akamtazama akiandika tarakimu ndogo kama mchele, bila rula, bila kushikilia mkono kwa mkono. Alipomaliza akamwambia aje nyumbani Jumamosi.

Kimeu alikuta kabati la vioo, na ndani yake watu arobaini na mmoja wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Mbilikimo wenye ndevu na mashoka. Mazimwi yenye meno nje. Mifupa mitupu iliyoshika mikuki. Mchawi wa kofia ndefu, na joka moja lililojikunja juu ya jiwe. Kumbe kuna watu wazima huko kwao ambao hupanga vitu hivyo mezani na kupigana vita vya kubuni kwa kurusha dadu. Bwana Hollis hakuwa na wa kucheza naye. Alikuwa mkusanyaji. Aliwanunua mmoja mmoja tangu akiwa mwanafunzi, kutoka kwa karakana ndogo ya ndugu wawili, na ndugu hao walipokosana walivunja kalibu zote, kwa hiyo hakuna mwingine angeweza kutengenezwa tena. Ubaya ni kwamba wengi walikuwa na rangi ya kitoto aliyowapaka zamani. Alitaka ibanduliwe, wapakwe upya inavyotakiwa, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka.

Basi Jumamosi kwa Jumamosi, miaka saba, Kimeu alienda ng'ambo ya mto. Bwana Hollis alimfundisha kuweka rangi nyeupe chini, kisha rangi yenyewe nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kisha maji ya kahawia yaingie kwenye mikunjo ya nguo na ndevu, kisha brashi iliyokauka ipite juu tu ili kingo zing'ae. Mengine Kimeu aliyajua kuliko mwalimu. Alianza na uso siku zote. "Uso ukikataa, nguo utampaka wa nini?" aliniambia. Alitengeneza brashi kwa nywele tano za mkia wa mbuzi, akavaa lenzi ya fundi saa jichoni, na kwa mtu mmoja angeweza kumaliza Jumamosi nne. Hakuwaita sanamu. Aliwaita watu. Alikuwa akiniambia, "Leo nimemaliza yule mzee wa shoka, ana macho ya mtu aliyekosewa," na mimi namuuliza, wewe, mzima kweli?

Sikuwapenda. Nasema wazi. Miaka hiyo kila kona ilikuwa na habari za waabudu shetani, na mke wangu Keziah alikuwa amekataa hata sabuni fulani kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye karatasi yake. Nilimpeleleza Kimeu. Nilimwuliza kama Bwana Hollis huwasha mishumaa. Nilimwuliza kama kuna damu. Akacheka hadi akakohoa, akaniambia kuna chai na biskuti ngumu.

Mwaka wa 1998 ugonjwa wa kutetemeka ulimzidi Bwana Hollis na daktari akamtaka arudi kwao. Siku chache kabla ya safari alimkabidhi Kimeu kisanduku cha vyuma vya kuchimbia kilichowekwa sponji ndani, watu wote arobaini na mmoja wamelala kila mmoja kwenye shimo lake. Ndege ingewavunja, alisema, na huko anakokwenda hajui atalala wapi. "Kaa nao, Kimeu. Nikipona nitarudi. Nisiporudi nitatuma mtu."

"Umeandikiana naye?" nilimwuliza Kimeu.

"Kuandikiana nini?"

"Karatasi! Sahihi! Atatuma mtu, mtu gani? Ako na jina?"

"Baba Cate, ameniachia tu. Ameniamini."

Hilo neno lilimkaa. Nzisa mkewe aliniambia kwamba kila mwezi alifungua kisanduku, akawafuta vumbi, akawahesabu, akafunga. Mchungaji wao alipokuja kuuliza habari za mapepo ya chuma, Kimeu alimwonyesha wote, akamweleza ni mali ya mtu na yeye ni mlinzi tu. Mchungaji aliomba, akaondoka, na nusu ya kanisa ikaacha kumpa kazi ya vibao. Hakulalamika. Alikuwa na hofu moja tu, na aliisema mara nyingi: "Bwana Hollis akifika kesho, nisikose cha kumpa."

Mambo yaliharibika mwaka wa 2002, na walioyaanzisha walikuwa ni wa kwangu. Binti yangu Cate alikuwa akishinda saiba kafe. Alipiga picha watu wa Kimeu, akaziweka kwenye mtandao, akauliza ni vitu gani. Alirudi dukani anakimbia.

"Dadi, wasee wa majuu, huko Ulaya, wanazitaka mbaya! Kuna mmoja anasema ni rare, hawajawahi ona hiyo dragon na macho yao. Wanauliza mwenyewe ni nani. Nimewaambia ni Bwana Hollis, na atatuma mtu."

Wiki tatu baadaye alishuka kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, mkononi barua kutoka kwa Bwana Hollis, eti yeye ndiye mtu aliyetumwa. Kimeu alikuwa ameshaweka kisanduku mezani. Nilifika kwa bahati, nikaiomba barua, nikaisoma mara mbili. Ilisema Bwana Hollis na mkewe wanamsalimu.

"Mke yupi?" nikamwuliza. "Huyo mama alizikwa kabla mzee hajafika Kenya."

Kijana akakumbuka ana mkutano Nairobi. Aliondoka akaacha chai yake inatoa moshi.

Sitadanganya, nilifurahi. Nilitembea mjini nimejaa kifua. Na Kimeu alibadilika. Alihamisha kisanduku kutoka chini ya kitanda, akakiweka darini, akakitoa darini, akakifukia chini ya magunia ya mahindi. Alimwuliza Nzisa ni nani aliyeingia nyumbani leo, na jana, na kwa nini mlango uliachwa wazi. Aliacha kusema labda. Nilimwona kama mwanafunzi wangu aliyefaulu mtihani.

Helen alikuja Machi mwaka wa 2004. Msichana wa miaka kama ishirini na nne, amechomwa na jua, begi mgongoni. Aliingia dukani kwangu akasema anamtafuta Bwana Kimeu. Nikamjibu, Kimeu yupi, huku nimesimama chini ya kibao cha Kimeu. Alisema yeye ni binti wa Bwana Hollis. Baba yake yuko hai, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akili imemtoka kidogo kidogo hadi hamjui tena hata yeye. Kitu kimoja tu anakiulizia, asubuhi na jioni: watu wangu wako wapi? Amekuja kuwachukua.

Tulimketisha sebuleni kwa Kimeu. Nzisa akaleta chai na mandazi. Mimi ndiye niliyeuliza maswali, kwa Kiingereza, kama vile nyumba ni yangu.

"Uko na barua?"

Alikuwa nayo, ya daktari. Nikaiangalia kwenye mwanga. Nikamwambia Kimeu kwa Kiswahili kwamba huko mjini wanachapa hata cheti cha kifo cha mtu anayekula chapati. Pasipoti alikuwa nayo, jina Hollis. Nikasema majina hubadilishwa.

"Barua ya chifu je?"

"England hatuna chifu," alisema.

"Hamna chifu? Sasa nani anajua wewe ni mtoto wa nani?"

Alifikiri. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Akaanza kulia, na Nzisa akamshika bega, akanitazama vibaya.

"Baba Cate, huyu mtoto analia ukweli."

"Hata yule wa tai angelia ukimkamua," nikasema.

Kimeu alitaka kufanya haki. Akamtuma mtu amwite Sankale, aliyekuwa mlinzi wa nyumba ile ya mawe, na ambaye sasa alichunga mbuzi wake upande wa Isinya. Sankale alifika kesho yake na fimbo yake. Helen aliinuka akamsalimu kwa Kimaasai, "Sopa." Mzee akajibu, "Ipa," akamtazama, akatabasamu. Akatuambia ni yeye. Alimvusha mto mgongoni maji yalipokuwa mengi, na mtoto huyo alikuwa na kovu goti la kushoto la kuanguka kwenye jiwe. Msichana akakunja suruali. Kovu lilikuwepo.

Ungefikiri yameisha hapo. Mimi nilimvuta Kimeu nje, nyuma ya choo, nikamwambia Sankale amepewa kitu kidogo. Kovu hata mimi ninalo. Nani asiye na kovu goti? Nikamkumbusha ploti yangu, jinsi mashahidi watatu walivyoapa. 

"Akiwa ni wa kweli?" aliniuliza.

"Akiwa ni wa kweli hatapoteza kitu. Kimeu, wewe ukiombwa title deed, unatoa original?"

"Hapana. Unatoa kopi."

"Basi."

Hilo nililifikiria mimi, na nilijiona nina akili nyingi. Kitengela nzima inajua: karatasi yako halisi haitoki nyumbani, anayeitaka apewe nakala. Tungetengeneza nakala za watu wote arobaini na mmoja na kumpa hizo. Mtoto wa mwenye mali angetambua mara moja kwamba si wenyewe, angelalamika, nasi tungemwomba radhi na kumtolea wa kweli. Tapeli angepokea na kuondoka. Ilikuwa nakala na mtihani kwa pamoja. Ilipendeza kiasi kwamba sikujiuliza swali dogo tu: binti huyo aliwahi kuwashika? Baadaye ndipo tulipojua kabati lile lilifungwa kwa ufunguo, na mtoto aliruhusiwa kutazama kwenye kioo tu.

Kimeu alimwambia Helen watu wako kwa mama yake Wamunyu, asubiri wiki tatu. Ulikuwa uongo wa kwanza kumsikia akisema, na sauti yake ilipasuka katikati. Msichana akasubiri. Alipanga chumba karibu na stendi, na kila siku mbili alikuja kwa Nzisa, wakachagua maharagwe pamoja, akajifunza kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

Wakati huo sisi tulikuwa kwa Adero, fundi wa kuyeyusha vyuma aliyetengeneza sufuria. Mimi nilitoa silikoni ya kuzibia madirisha. Adero aliichanganya na unga wa mahindi hadi ikawa kama kinyunya, akamfunika kila mtu, ikakauka, akaipasua katikati, na hapo kukawa na shimo lenye umbo la zimwi au mbilikimo. Akayeyusha vyuma vya kubalansi magurudumu na risasi ya betri kuukuu, akamimina. Watatu wa kwanza walitoka bila pua. Wa nne alitoka kamili. Adero alimtazama, akamtazama wa kweli, akasema, "Mapacha."

Kimeu hakucheka. Aliwasugua mishono kwa msasa, akawapaka rangi usiku na mchana hadi macho yake yakawa mekundu, akinakili tu, kila rangi ileile, kila mkunjo uleule. Nilimwambia kazi ni nzuri. Akaniambia, "Hawa hawana macho." Nilitazama, wana macho. "Ninayachora," akasema, "lakini hayatazami." Nilimwona anaanza kuugua, nikamwambia avumilie, siku zimebaki chache.

Siku ya kukabidhi tuliandikiana, mimi shahidi, namba ya simu yangu chini kwa sababu Kimeu hakuwa na simu. Helen alifungua sanduku jipya tulilomnunulia. Akamtoa joka. Akafunika mdomo kwa mkono. Nilikodoa macho kama mwamuzi wa mpira. Sasa atasema. Sasa.

"Ni hawa," akasema. "Ni hawa kabisa. Asante, Bwana Kimeu. Baba alisema utakuwa nao."

Akamkumbatia Nzisa, akamkumbatia Kimeu, ambaye alisimama mikono imening'inia. Akaenda uwanja wa ndege jioni hiyohiyo.

"Unaona?" nilimwambia Kimeu. "Angekuwa mtoto wa Hollis angejua. Nilikuambia!"

Alinitazama. Akasema, "Labda, Baba Cate," na baada ya miaka miwili nililisikia tena neno hilo, wala sikuudhika.

Simu ilikuja siku ya tisa. Nilikuwa nikimpimia mtu misumari. Ni Helen, anataka Kimeu. Nilituma mtu amwite, nikaweka sauti kubwa ili nisikie, sioni aibu kusema.

Alisema amewapeleka kwa baba. Baba alimchukua wa kwanza, akampima uzito kwenye kiganja, akampitisha kidole gumba mgongoni polepole, akamweka kando. Akamchukua wa pili. Alifanya hivyo kwa wote arobaini na mmoja, saa nzima, mikono ikitetemeka, na alipomaliza akasema: si wangu. Tangu hapo hali chakula. Anasema tu, mwulizeni Kimeu, Kimeu anajua walipo.

"Nafikiri wamebadilishwa uwanja wa ndege," Helen akasema. "Sanduku lilikaa kwenye ofisi yao usiku mzima. Bwana Kimeu, unafikiri inawezekana?"

Nikamshika Kimeu mkono. Nikamwambia kwa midomo, bila sauti: sema ndiyo. Msichana mwenyewe ametupa njia. Wa kweli tungewatuma baadaye, tungesema tumewapata kwa mnunuzi mmoja mjini, nani angejua? Ningekuwa mimi, ningesema. Hilo linanitia aibu kuliko yote niliyoyafanya.

Kimeu aliuondoa mkono wangu.

"Helen," akasema, "wako kwangu. Wa kweli wako hapa, chini ya mahindi. Hao uko nao nilitengeneza mimi. Sikukuamini."

Simu ikakatika. 

Kimeu alienda Nairobi mwenyewe kuwatuma wa kweli, kwa anwani ya ile barua ya daktari. Aliwafunga mmoja mmoja kwa pamba, na kabla ya kufunga alimgeuza kila mtu, akamkagua mara tatu, maana sasa aliogopa hata yeye mwenyewe angekosea. Nilimwomba anisamehe njiani kuelekea stendi. Akaniambia, "Wewe ulisema tu. Mikono ilikuwa yangu." Nilitamani anitukane. Wiki hizo za kusubiri habari alikaa bila kupaka hata kibao kimoja. Nzisa alinizungumzisha kwa adabu, kama mgeni, na hiyo niliisikia hadi kwenye mifupa.

Mwishoni mwa Mei simu ililia tena. Kimeu alikuwa dukani, amekaa juu ya mfuko wa simenti. Helen alizungumza haraka, na sikusikia hasira tena kwenye sauti yake, au labda nilitaka isiwepo. Watu wamefika. Baba amemshika wa kwanza, kisha hakumweka kando. Amewapanga wote dirishani. Amekula. Leo anazungumza, na anazungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuna anayeielewa pale, kwa hiyo amefikiri amwunganishe na Kimeu.

Nilimpa Kimeu simu. Alisimama wima, akavua kofia.

"Bwana, habari yako. Ni mimi, Kimeu."

Tulisikia pumzi. Kisha sauti ya mzee, nyembamba, ile ile ya kwenye lori la visima.

"Nani?"

"Kimeu, Bwana. Kimeu wa Kitengela. Wa rangi."

"Watu yangu iko hapa," mzee akasema. "Yote."

"Ndiyo, Bwana. Nimefurahi sana." Kimeu akaendelea. "Bwana, niko na neno. Wale wa kwanza walikuja, wale wabaya, nilitengeneza mimi. Nilikudanganya, Bwana. Naomba unisamehe."

Mteja aliingia, nikamfukuza kwa mkono.

"Wewe si Kimeu," mzee akasema.

"Ni mimi, Bwana."

"Hapana. Mimi najua Kimeu. Kimeu hapana danganya mimi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemsahihisha mgeni aliyepotea njia. "Wewe rafiki yake?"

Kimeu alinigeukia. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima umekuwa hivyo, na nilitaka kumnyang'anya simu nimwambie mzee kila kitu, kwamba ni mimi, ni Muturi wa hardware, lakini mzee hakunijua hata siku alizokuwa na akili zake.

"Sikia," sauti ikasema. "Wewe naona Kimeu, ambia yeye watu yote imefika. Arobaini na moja. Yeye nangoja habari."

Kimeu alishika simu kwa mikono miwili.

"Nitamwambia, Bwana," akasema.